Bunduki imemlinda nani?

Mwandishi mmoja anadai wanaohama Bweremana, katika eneo la Masisi mashariki mwa Kongo, kwenda Kampala, Uganda, wanapata hasara: kodi ya nyumba ghali, na sheria inayombana mwenye bunduki. Kodi ni ghali kweli. Aliyezoea muhogo wa shambani na samaki aina ya sambaza wa Ziwa Kivu, kule ananunua kila kitu. Lakini bunduki imemlinda nani Masisi? Utawala wa kijeshi ulitangazwa huko Mei 2021, na vijana wakaendelea kujiunga na vikundi vyenye silaha. Januari 2025 vita vikaikumba barabara ya Sake hadi Minova, inayopita Bweremana. Nayo Uganda humtaka mmiliki wa silaha awe na leseni, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Mama anayelipa kodi hiyo anajua hesabu zake. Anayemtaka arudi aseme nani atamlinda shambani.