Gari la Kazi si Pambo

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, biashara ya Unyanyembe ilibebwa mabegani. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wa yapata kilo 30. Katika njia ile nguo nzuri haikumfikisha mtu pwani. Mabega na miguu ndivyo vilivyomfikisha.

Busara hiyo ingali inahitajika. Mwalimu au mtumishi wa serikali anapostaafu, mara nyingi hukitia kiinua mgongo chake katika gari dogo la mizigo, ili achukue asali ya Sikonge au mpunga wa Igunga na kuupeleka sokoni. Fedha hiyo ni jasho la miaka mingi.

Ni kosa, basi, kununua gari kwa kuvutwa na rangi mpya na bei nafuu. Rahisi huvunja upishi. Rangi huficha kutu ya chesisi, na injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Mnunuzi hana budi kwenda na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Alikague gari likiwa baridi. Alinganishe namba za injini na chesisi na zile za kadi. Tena aulize kama vipuri vyapatikana Tabora, au mpaka viagizwe Dar es Salaam. Gari linalongoja kipuri wiki mbili halibebi mzigo. Lenyewe ndilo mzigo.

Kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Ukaguzi utangulie, malipo yafuate.