Jina la Faili Lipite Kwanza, Peke Yake

Wasee, kuna ushauri unaozunguka sana kwa madeva: ukibadilisha jina la faili kwenye Git, weka badiliko hilo kwenye komiti yake peke yake. Ni ushauri mzuri, sikatai. Lakini umeishia nusu njia, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula kazi za watu.

Wengi hawajui kwamba Git haiweki kumbukumbu yoyote ya faili kubadilishwa jina. Hata ukitumia amri ya git mv, kinachofanyika ni kuondoa faili ya zamani na kuongeza mpya, basi. Baadaye ukiuliza hii ilitoka wapi, Git inakisia tu: inalinganisha faili iliyopotea na iliyotokea, na zikifanana kwa asilimia 50 au zaidi, inasema ni ile ile. Zikishuka hapo, kwake ni faili mbili zisizojuana.

Linus Torvalds alitaka hivyo tangu 2005: kifuatwe kilichomo, si jina. Mercurial, ya mwaka huo huo, iliamua tofauti. Ukitumia hg mv, inaandika kabisa kwamba hii imetoka kwa ile. Mimi simlaumu Torvalds, maana watu huhamisha faili ovyo bila kuambia mfumo, na Git bado hujaribu kuelewa. Lakini kukisia kuna bei yake.

Chukua mfano. Kwenye tawi lako umegeuza malipo.py kuwa huduma_ya_mpesa.py, ukaipanga upya wiki mbili hadi ikabaki na theluthi moja tu ya mistari ya mwanzo. Huku nyuma mwenzako amerekebisha malipo.py kwenye tawi kuu, ile hitilafu ya mteja kukatwa pesa mara mbili. Siku ya kuunganisha, Git haipitii komiti moja moja. Inaangalia sehemu tatu: pale matawi yalipoachana, mwisho wa tawi lako, na mwisho wa lile lingine. Ile komiti yako safi ya jina, huko katikati, haionekani kabisa! Inasaidia git log --follow na git blame, lakini kwa kuunganisha haina kazi. Hata mbinu ya ort, iliyokuwa chaguo la kawaida kuanzia toleo 2.34 mwaka 2021, ina kasi zaidi lakini msingi ni ule ule.

Kwa hivyo Git inaona malipo.py imefutwa upande huu na kurekebishwa upande ule. Inalalamika modify/delete, inakuachia malipo.py hapo. Unaitazama: ala, si hii tulishaitoa? Unaifuta. Mgongano umeisha, majaribio yamepita, na rekebisho la mwenzako limeenda nayo. Mteja ndiye atakuja kuwaambia.

Ndiyo maana nasema jina lipite kwanza. Fungua ombi la kuunganisha lenye jina jipya tu, pamoja na mistari ya import inayolihitaji, liingie tawi kuu siku hiyo hiyo. Kila mtu alivute kwenye tawi lake, halafu ndio uanze kupanga upya. Wakati huo faili hizo mbili zinafanana karibu kabisa, Git haikosi, na marekebisho ya wenzako yanahamia jina jipya yenyewe. Kuna wakubwa wa timu watakwambia ombi dogo hivyo linawapotezea wakati. Bana, kulikagua ni dakika moja. Kutafuta mistari iliyopotea kimyakimya kwenye mamia ya komiti ni siku nzima, ukibahatika kujua imepotea.

Na kama tawi lako tayari limezeeka na ujumbe wa modify/delete umeshakutokea, usikimbilie git rm. Angalia kwanza mwenzako alibadilisha nini kwenye faili ya zamani tangu mlipoachana, uhamishe mistari hiyo kwa mkono, na umwite aikague yeye mwenyewe kabla hujafuta kitu.