Mgeni wa Siku Mbili



Juma lililopita, mkutano ulipokwisha na tukiwa tunakunja mikeka, mama mmoja alituuliza neno. Rafiki yake wa tangu masomo anakuja kumtembelea hapa Lubumbashi kutoka Likasi. Atafika siku ya tano jioni na kurudi siku ya Mungu. Nyumba ina vyumba 2, watoto ni 5, na zamu yake ya likelemba ni mwezi ujao. Akauliza kama ni vibaya kubadilishana zamu na mwenzake ili apate pesa ya kumpokea mgeni. Wengine walimjibu pale pale: badilisha, mgeni ni baraka. Sisi tulinyamaza, kwa sababu jibu letu ni refu. Tunaliandika hapa.

Miaka michache iliyopita tulipata mgeni kama huyo. Tulikaa naye bweni moja kwa masista, tukala kwenye sahani moja, kisha akaolewa Kasenga, kule kwenye mto Luapula, kilomita kama 200 kutoka hapa. Alipotutumia habari kwamba anakuja kwa siku mbili, tulishikwa na homa. Pesa ya likelemba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya masomo ya watoto, tuliimaliza yote. Tulinunua kuku 2, nyama, mchele, na kasha nzima ya sukre. Tuliazima sahani na mapazia kwa jirani. Watoto tuliwatoa chumbani mwao wakalala chini sebuleni, na kila walipopita tuliwakaripia wasimsumbue mgeni.

Alifika usiku, amejaa vumbi, maana ilikuwa mwezi wa 9 na mvua ilikuwa bado. Alibeba kapu la samaki wakavu. Samaki wa Luapula, wamama! Vile tunavyowatafuta sokoni! Lakini tuliona haya kumpikia mgeni kitu alichokileta mwenyewe. Tukalifungia kapu kabatini, tukampa kuku.

Siku ya posho tulimtembeza tangu asubuhi. Jumba la makumbusho, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, bustani ya wanyama. Tukapanda taksi-basi kwenda kumwonyesha mlima mweusi wa mabaki ya shaba na lile bomba refu la moshi. Alitazama kila kitu kwa adabu. Mara mbili alituuliza, “Na chuo kikuu kiko upande gani?” Tukamjibu kwamba ni huko Kasapa, ni mbali, na hakuna cha kuona. Miguu ilimwuma. Tulipita naye tena sokoni tukamnunulia kikwembe.

Jioni umeme haukuwepo, kama mnavyojua, tukapika kwa mbabula uani mpaka usiku. Alikuja na kigoda chake akitaka kuchambua mboga. Tukamwambia, “Hapana, wewe ni mgeni, rudi ndani.” Akarudi. Alikaa peke yake sebuleni na mshumaa na chupa ya sukre, huku sisi tukihangaika na moshi. Siku ya Mungu ilikuwa misa, kisha jamaa waliokuja kumsalimu, kisha picha, kisha gari. Alipopanda alituambia, “Yaya, asanteni. Mmechoka sana kwa ajili yangu.” Tulirudi nyumbani tumejaa furaha, tukidhani tumesifiwa.

Mwezi wa 10 mtoto wetu wa kwanza alirudishwa kutoka masomoni kwa sababu ya deni. Hilo tulilitazamia. Jambo ambalo hatukulitazamia tulilisikia baadaye, kwa mtu mwingine: binti wa rafiki yetu alikuwa ameanza uganga kwenye chuo kikuu hapa hapa Lubumbashi. Alikodi chumba na wasichana wengine watatu, hakuwa na ndugu mjini, pesa ya chumba ikamshinda kabla mwaka haujafika nusu, akarudi Kasenga.

Tulimpigia mama yake simu kwa hasira. Kwa nini hukutuambia? Alikaa kimya, kisha akasema: “Nilikuja kwa neno hilo tu. Nilitaka kuwaomba mumlaze mtoto wangu. Lakini niliona mnavyohangaika kwa ajili yangu siku mbili, watoto wenu chini, sahani za watu. Ningewaachia mtu kwa miaka namna gani?”

Hatutaki kujifanya wema. Pengine tungekataa, nyumba yetu ni ndogo kweli. Lakini hatukumpa hata nafasi ya kuomba.

Basi, mama uliyetuuliza: usibadilishe zamu. Mwambie baba wa watoto mapema, ili asishangae kumkuta mtu. Jaza bidoni za maji, tafuta blanketi safi, sabuni, na ndoo ya usiku. Mtoto mmoja akilala na mgeni si aibu, atafurahi kusimulia hadithi za kule anakotoka. Mpikie bukari na sombe, na ndakala kama ziko. Akitaka kutwanga sombe, mpe mchi. Sisi wanawake maneno mazito hatuyasemi tukiwa tumekaa kwenye kiti tunatazamana. Yanatoka mikono ikiwa na kazi.

Ndiyo, kuna watakaosema, “Alimpa mgeni wake sombe!” Tunawafahamu, maana na sisi tumewahi kusema hivyo juu ya wengine, na hatukusema kwa sauti ndogo.

Kuhusu kutembea, muulize kwanza anataka kufika wapi. Mtu hatoki mbali na kulipa gari kwa ajili ya kuona mlima mweusi tu. Mara nyingi ana karatasi ya kutafuta, mgonjwa wa kuona hospitali, kitambaa cha kuuza, au mtoto wa kutafutia mahali. Akisema hana jambo, mpeleke kwenye kitu kimoja, mrudi mapema. Na jioni moja, kabla hajaondoka, watume watoto kwa jirani.

Mwaka huu, mwezi wa 7, rafiki yetu wa Kasenga alikuja tena. Baridi ilikuwa ile mnayoijua. Alileta kapu, na safari hii hatukulifungia kabatini. Tulivuta mbabula karibu, tukajifunga vikwembe viwili viwili, yeye akaanza kuondoa vichwa vya samaki na sisi tukawa tunachuja unga. Habari ya binti yake tuliuliza sisi kwanza. Anafundisha darasa la pili huko kwao. Mdogo wake ndiye anayemaliza masomo ya sekondari sasa, naye anataja chuo kikuu.

“Na huyo atalala wapi?” tukamwuliza.

Hakujibu mara moja. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono, akaanza kutueleza tangu mwanzo.