Uliza Bewa Kabla ya Kulipa

Wazazi wenzangu wa Awasi, nanyi vijana mliopata C+ na zaidi katika KCSE, nawasihi msimwachie mwenye saiba kazi ya kuchagua chuo. Msimu wa maombi ukifika, vijana hujipanga hapa sokoni, kila mmoja na kikaratasi chenye nambari yake ya mtihani na ile ya cheti cha kuzaliwa. Mwenye kompyuta anauliza, "Nikuwekee wapi?" Kijana anajibu, "Nairobi." Shilingi 1,500 zinalipwa, anaitwa mwingine.

Nairobi ipi? Chuo Kikuu cha Nairobi kimetapakaa: wa kilimo husomea Upper Kabete, wa sayansi Chiromo, wa udaktari kando ya Hospitali ya Kenyatta. Moi wengi hudhani ni Eldoret mjini, kumbe makao yake makuu yako Kesses, nje ya mji. Hata Maseno tuliyoizoea ina bewa jijini Kisumu. Mtoto wa Awasi akisomea bewa hilo, anaweza kupanda matatu asubuhi na jioni akala ugali wa nyumbani. Akipelekwa Maseno kwenyewe, atavuka jiji zima na kuishika barabara ya Busia. Huyo lazima apangishiwe chumba, anunuliwe godoro na jiko. Chuo ni kile kile, lakini kwa mzazi anayengojea malipo ya miwa, tofauti hiyo ndiyo kusoma au kuahirisha masomo.

Si bewa tu, alama nazo zipimwe. Enzi za JAB, bodi ya zamani iliyowapangia wanafunzi vyuo vikuu, mtoto alijaza machaguo akiwa bado shuleni, matokeo hayajui. KUCCPS, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuichukua kazi hiyo, humfungulia tovuti akiwa na matokeo mkononi. Aziona alama zake za klasta, zinazohesabiwa juu ya 48, na pia alama ya mwisho iliyomwingiza mtu katika kozi ile mwaka uliotangulia. Kama waliingia kwa 40 naye ana 31, kujaza kozi hiyo kila mahali ni kuchezea bahati yake. Aweke moja ya kuthubutu, nyingine azipime.

Najua nitaambiwa jina kubwa hufungua milango ya kazi. Si uongo. Lakini mhandisi ataulizwa kama kozi yake inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi, na muuguzi kama yake imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi. Hapo ukubwa wa chuo haumwokoi mtu. Hilo liulizwe sasa, si baada ya mahafali.

Basi mzazi, keti na mwanao jioni hii, pigieni simu ofisi ya udahili ya chuo. Ulizeni kozi hii inafundishiwa bewa gani, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, na kama kuna nafasi ya bweni huko. Andikeni majibu kwenye kile kikaratasi, ndipo mwende saiba.