DAKTARI WA KESHO NAYE ANABAHATISHA DOZI!

Ndugu msomaji, wewe kijana wa Manzese, Tandika au Mwanjelwa, ukiumwa koo unakwenda wapi? Usinidanganye. Unakwenda duka la dawa kuomba rangi mbili nne, kwa sababu mfukoni una hela ya nne. Kesho yake umepata nafuu, dozi imekwisha. Sikulaumu sana, hujasomea.

Aliyesomea je? Hapo ndipo penye kasheshe. Wanafunzi wa vyuo vya afya, hao wa makoti meupe wanaosubiriwa kututibu, wamehojiwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Wengi wanajua usugu wa dawa ni hatari. Waulize kuhusu mafua, wapo watakaokujibu vizuri kwamba yanaletwa na virusi na antibiotiki haiyagusi. Lakini waulize wakiugua wao wanafanya nini! Wapo, tena si wachache, wanaokiri kununua antibiotiki bila cheti cha daktari au kumeza mabaki ya rafiki. Darasani msomi, bwenini sawa na sisi wa kijiweni.

Usidhani usugu ni mwili wako kuzoea dawa. La hasha! Vijidudu ndivyo vinavyokuwa sugu. Unapomeza antibiotiki, dhaifu hufa, vile vigumu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya kumeza kidogo kuliko inavyotakiwa alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Chukua kisonono, maana vijiweni kinajulikana kuliko mbunge. Zamani penisilini ilikimaliza. Mwaka 1976 vikagunduliwa vijidudu vyake vinavyoivunja penisilini. Baadaye siprofloksasini nayo ikashindwa. Sasa tegemeo ni sindano ya seftriaksoni, na Japani ilishapata kisonono sugu kwa hiyo mwaka 2009. Hiyo nayo ikishindwa, utachomwa nini?

Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Afrika Magharibi ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko kwingine.

Kigogo dawa zikimkataa anapanda ndege kwenda India. Wewe unakwenda zahanati isiyo na maabara ya kuotesha vijidudu, mganga anakisia. Na mwanafunzi wetu anapoletwa kwa mafunzo ya vitendo anaona wakubwa zake wakikisia, naye anaiga. Serikali ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017. Karatasi safi kabisa! Lakini karatasi haioteshi kijidudu.

Vyuo viache kuwapima hawa kwa kukariri tu. Wapelekwe duka la dawa la uswahilini, wasimame dirishani, wajibizane na kijana mwenye hela ya vidonge vinne. Nawe ukiandikiwa antibiotiki kwa mafua, muulize huyo mwenye koti jeupe anaua kijidudu gani, na usitoke chumbani mwake mpaka akujibu.