Ukinzani wa Mzee Msahaulifu na Wajibu wa Askari

Maradhi ya usahaulifu uzeeni, ambayo madaktari huyaita dimenshia, hudhaniwa kuwa ni shauri la wauguzi peke yao. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Mzee wa Arua anapompiga mwanawe anayemwogesha, au mzee wa Koboko anapotoka usiku akielekea mpakani asijue aendako, anayeitwa kwanza mara nyingi si daktari bali ni polisi. Na huko mpakani anayekutana naye ni askari wa doria. Askari huyo hana budi kuamua papo hapo kama aliye mbele yake ni mshari au ni mgonjwa.

Mwaka 1999 huko Marekani, Ellen Mahoney na wenzake walitunga kipimo cha ukinzani wa wagonjwa hao wanapohudumiwa. Waliorodhesha vitendo 13, miongoni mwavyo kugeuka upande, kusukuma, kumshika mtu, kung'ang'ania kitu, kupiga mayowe, kutishia, na kupiga ngumi au teke. Kila kitendo hupimwa kwa muda kilivyodumu na kwa nguvu zake. Orodha hiyo ikisomwa kituoni, sehemu yake kubwa ingeingia daftarini kama shambulio au kukataa amri. Lakini kipimo hakimtafuti mkosaji.

Kimojawapo cha vitendo hivyo chastahili kuangaliwa kwa makini, nacho ni kukaza mwili. Ubongo ulioharibika huufanya mkono ukaze kwa kadiri unavyovutwa: ukiuvuta kwa nguvu, nao hukaza kwa nguvu. Hiyo ni dalili ya ugonjwa, wala si ukaidi. Kadhalika kiganja kikiguswa chaweza kufumba chenyewe, kama cha mtoto mchanga, hata kama kilichokigusa ni mkanda wa sare. Askari aliyefunzwa kumdhibiti mhalifu atadhani ameshambuliwa, naye ataongeza nguvu. Mkono utazidi kukaza, na mifupa ya mzee wa miaka 80 si mifupa ya kuruta.

Maneno nayo yana uzito wake. Mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake walitangaza utafiti wa Kansas, ambamo wazee 20 walirekodiwa kwa video wakihudumiwa. Waliposemeshwa kitoto, uwezekano wa kukinza ulikuwa asilimia 55. Waliposemeshwa kama watu wazima, asilimia 26. Walugbara na Wakakwa hawakuhitaji video kulijua hilo, lakini si vibaya kuliona katika tarakimu.

Hata hivyo, kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya wazee wa Marekani wanaoishi katika nyumba za kulelea wazee. Mzee wa West Nile hutunzwa nyumbani, na ana historia yake. Aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 34 mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoangushwa. Wengi wa rika lake walikuwa wanajeshi, na watu wengi mno wa mkoa huu walikimbilia Zaire na Sudan. Usahaulifu huu hufuta ya jana kabla ya kufuta ya zamani. Basi asiyelikumbuka jina la mjukuu wake aweza kuwakumbuka vyema watu wenye bunduki, na sare iliyosimama mlangoni leo akaiona kwa macho ya mwaka 1980. Kipimo cha Marekani hakilihesabu jambo hilo. Sisi tuvaao sare yatupasa kulihesabu.

Askari na amkabili mzee kwa mbele, si kwa nyuma. Amwite Mzee au Baba. Aseme jambo moja kwa wakati mmoja. Alegeze mkono, angoje. Kisha amwulize anayemtunza ukali huo ulianza lini. Ukali wa ghafla, wa siku mbili tatu, aghalabu huficha maradhi mengine: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, au maumivu asiyoweza kuyataja. Huyo mahali pake ni hospitali, si mahabusu, na Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili.

Wako pia askari walio mbali, kama wale waliopelekwa mashariki ya Kongo tangu mwaka 2021, ambao huambiwa kwa simu kwamba baba amekuwa mkali. Waulize alikuwa akifanyiwa nini, nani alisema naye na kwa maneno gani, alikinza kwa muda gani na kwa nguvu kiasi gani. Majibu hayo yakiandikwa kila siku kwa wiki moja, daktari atapata pa kuanzia.