Ngao ya Ngozi Isitupwe, Wala Asiyenayo Asiachwe

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako vijana, aghalabu wasichana, wanaolipa fedha ili walale ndani ya vitanda vyenye taa kali za mionzi ya urujuanimno, muradi ngozi zao nyeupe zigeuke hudhurungi. Mwaka 2009 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulioko Lyon, Ufaransa, uliviweka vitanda hivyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile la tumbaku. Mwaka huo huo Brazil ilivipiga marufuku kwa matumizi ya urembo, na mwaka 2010 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 18.

Msomaji wa Mbeya au Iringa huenda akauliza: haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, kwa kuwa maradhi ni yale yale, ila yamegeuzwa uso. Kule mweupe anajiunguza awe mweusi. Huku mweusi anajichubua awe mweupe. Wote wawili wameaminishwa na wafanyabiashara kwamba rangi waliyoumbwa nayo ni kasoro, na kwamba dawa ya kasoro hiyo inauzwa dukani.

Weusi wa ngozi si pambo tupu. Ndani ya ngozi mna rangi iitwayo melanini, ambayo kazi yake ni kuizuia mionzi ya jua isifike kwenye chembe hai na kuziharibu. Hiyo ni ngao. Binti anayejipaka mkorogo anaitupa ngao hiyo kwa mikono yake na kwa gharama yake. Haidrokwinoni huzuia melanini isitengenezwe. Dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Na zebaki hupenya mwilini ikadhuru figo, na kwa mja mzito humfikia hata mtoto aliye tumboni. Vipodozi vyenye sumu hizo vimekatazwa nchini, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Hata hivyo biashara hii ingali hai, kwa sababu wanunuzi wapo.

Sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini tuna ghururi nyingine, nayo ni baridi. Mtu wa Mbeya hujifunika sweta mwezi wa Juni akadhani kwamba jua limelala. Sivyo. Joto ni jambo moja na mionzi ya urujuanimno ni jambo lingine. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda kutoka usawa wa bahari, mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mji wa Iringa na Jiji la Mbeya yako juu ya mita 1,500, tena karibu na Ikweta. Jua letu huunguza bila ya kutujulisha.

Hapa ndipo tunapowakumbuka wale waliozaliwa bila ya ngao hiyo, yaani ndugu zetu wenye ualbino. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985, uliowachunguza watu 350 wa Dar es Salaam wenye ualbino, ulionyesha kwamba madhara ya jua huanza utotoni na saratani hujitokeza ujanani. Nchi yetu imelia, na kwa haki, juu ya mauaji ya ndugu hawa. Lakini jua nalo linaua, kimya kimya, na hakuna anayelipeleka mahakamani. Ni jambo la kusikitisha kwamba nyumba moja inaweza kupata fedha za mkopo wa krimu ya kujichubua, na ikakosa fedha za kofia ya mtoto wa jirani.

Basi nasaha zetu ni hizi. Walimu wenzetu wa madrasa na wa shule wasimweke mtoto mwenye ualbino uani juani, wala wasimtume shambani au mtoni baina ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Akae kivulini, tena mbele, kwa kuwa macho yake pia ni dhaifu. Kofia ya kiua haimtoshi, kwani haina ukingo wa kufunika masikio na shingo. Apewe kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Losheni ya kukinga jua imekuwa ikitengenezwa hapa hapa nchini, katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Wazazi waiulizie hospitalini. Na kidonda au kigaga kisichopona kwa mwezi mmoja kisipakwe majani. Mgonjwa apelekwe hospitali, kwa kuwa saratani ya ngozi ikiwahiwa hutibika.

Wafanyabiashara nao wajue kwamba faida itokanayo na sumu ni dhuluma, hata kama mnunuzi ameridhia. Na wazazi, kabla ya kumkemea binti, wajiulize ni nani nyumbani humo anayemsifu mweupe na kumcheka mweusi. Mkorogo huanzia ulimini kabla ya kufika usoni.